Mama Anasemaje

Marahaba, marahaba. Kaeni, lakini msinizibie mlango. Joto la hapa Segera halina huruma, na kifua changu hiki hakinitoshi tena.

Najua kilichowaleta. Mnauza machungwa na maji ya chupa hapo njia panda, basi la kwenda Arusha likisimama mnawasikia Wazungu wakisemezana dirishani, mnaokota maneno yao na kuja nayo kwangu mbio. Juzi mmoja wenu kaniuliza kwa nini yule dada alimwambia mwenzake avunje mguu, na mbona mwenzake alicheka akashukuru. Nikamwambia alikuwa anamtakia heri. Akanikodolea macho. "Bibi, heri gani hiyo ya kuvunjika mguu?" Sasa mimi nifanyeje? Si mimi niliyekitunga Kiingereza.

Nimewajibu siku zote na sijawahi kuwafukuza. Leo mtanisikiliza mimi, kwa sababu naona mnadhani kuyajua maneno haya ni raha tupu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuyajua. Nilikuwa mkalimani wa wodi katika hospitali ya misheni upande wa Korogwe, tangu miaka ile baada ya Azimio mpaka siku alipoletwa mwanangu Zaina. Siku hiyo ndiyo iliyonitoa kazini. Nitawaeleza, ila mnivumilie, siwezi kuiendea moja kwa moja.

Jina langu Hadija, lakini pale hospitali hakuna aliyelijua. Waliniita Mama Anasemaje. Mngekuwapo mngeelewa. Daktari akimaliza kuzungumza, mgonjwa hamtazami daktari tena, ananigeukia mimi. "Anasemaje?" Mzigua kutoka Handeni, Msambaa kutoka Mpale, Mmasai na shuka lake, wote neno lao lilikuwa hilohilo. Hata nikienda sokoni kununua dagaa, watoto waliokuwa wamelazwa zamani walinipigia kelele: Mama Anasemaje, Mama Anasemaje! Nami naitika, nitafanya nini.

Kiingereza sikukipata shuleni. Shule niliiona kwa nje, nikipita na kuni. Nilikipata kwenye shamba la mkonge, nilikokuwa yaya wa watoto wa meneja, kabla ya Uhuru na miaka michache baada yake. Watoto wale walikuwa wawili, wa kiume, watundu wasioelezeka. Nilichosikia ni matusi yao wakigombana, na umbea wa mama yao kwenye simu, na maneno ya wageni wa Jumapili wakishalewa. Kwa hiyo Kiingereza changu hakikuwa na adabu hata kidogo. Ukiniuliza kuhusu Biblia yao, sijui. Ukiniuliza wanasemaje mtu akifa na hawampendi, najua: amepiga ndoo teke.

Msicheke. Au chekeni, nasi tulicheka sana.

Maana Zaina alizaliwa palepale, kwenye vyumba vya watumishi nyuma ya jiko. Nilipokuwa napiga pasi ya mkaa yeye alikaa chini ya meza, na mchezo wetu ulikuwa huo. Namtupia neno la Wazungu kwa Kiswahili chake cha wazi, yeye ananirudishia maana. "Kamwaga maharage!" Naye: "Katoboa siri!" "Anakuvuta mguu!" "Ananitania!" "Yuko chini ya hali ya hewa!" "Anaumwa, lakini si sana!" Nikimwambia mtu ananing'inia kwenye uzi, anajibu kwa sauti ndogo, "Huyo karibu anakufa, mama," halafu anavuta kanga yangu anataka jingine. Na alicheza na wale wavulana wa meneja siku nzima, kwa hiyo Kiingereza chenyewe alikisikia na kukisema vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa najivuna jamani. Mtoto wa yaya, anawajibu Wazungu midomoni mwao! Nilidhani nimempa mali.

Bendera ilipopandishwa tulikesha tunacheza ngoma. Jumapili iliyofuata wageni walikuja kula kama kawaida, na mmoja, mwenye shingo nyekundu, akasema nchi hii sasa itakwenda kwa mbwa. Maana yake itaharibika, itakuwa takataka. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na bakuli la mchuzi. Nikamwekea mchuzi. Alisema asante bila kugeuka, maana wao waliamini maneno yao yana mlango, na ufunguo wanao wao. Likumbukeni jambo hilo, litarudi.

Baadaye shamba likataifishwa, meneja akafungasha, mke wake akaniachia ile pasi na koti zito la baridi la kuvaa hapa kwetu kwenye joto la kukaangia karanga! Nikarudi kwa mama yangu na Zaina wangu, sina kazi.

Hospitali niliipata kwa kicheko. Zaina aliugua malaria, nikampeleka, tukakaa foleni. Daktari alikuwa mwanamke wa Kiingereza, mrefu, kila mlango ilibidi ainame, nasi tulimwita Dokta Mrefu. Akapita akamwambia nesi, Mzungu mwenzake, kwamba bwana mmoja wa stoo ana taa zinazowaka lakini nyumbani hakuna mtu. Mimi nikaangua kicheko pale benchini. Lo! Akasimama. Akanirudia, akainama mpaka usoni kwangu: "Umeelewa?" Nikamwambia nimeelewa, mtu huyo macho anayo, akili hana. Wiki ile ile nikavalishwa gauni la buluu.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa mganga msaidizi mmoja, Yohana, Msambaa wa Vugiri, mtaratibu, kalamu mbili mfukoni daima. Yeye alikuwa amekisoma Kiingereza kwenye vitabu na alijua majina ya dawa zote. Kabla yangu ndiye aliyekuwa akitafsiri, na sheria yake ilikuwa moja. "Hadija, usitie chumvi, usipunguze maji. Likitoka neno, lipeleke hilohilo." Akanisimulia mwenyewe, akijicheka, jinsi sheria hiyo ilivyomtokea puani. Kulikuwa na mtoto wa Handeni mwenye homa ya mapafu. Dokta Mrefu akasema mtoto bado hajatoka msituni. Wao maana yao hatari haijapita. Yohana wa watu akapeleka hivyohivyo: "Daktari anasema mtoto bado hajatoka msituni." Bibi wa mtoto akapiga magoti, akamshika daktari mikono yote miwili. Kumbe mtoto alianza kuumwa siku walipopita kwenye msitu wao wa matambiko bila kuaga! Bibi akarudi kwao kwa miguu, akachinja jogoo mweusi, akaomba radhi. Mtoto akapona. Tangu hapo ukoo mzima ukawa unasema Dokta Mrefu ni mganga wa kweli, anaona hata mambo ya msituni, na wakawa wanamletea kuku. Yohana alikuwa akifika hapo anafuta machozi ya kucheka. "Sasa Hadija, ningewaambia nini? Ningewaambia si msitu ule?"

Basi mimi nilifanya kazi kwa namna yangu. Neno naliacha, nachukua maana. Mara moja tu nilijaribu kufuata sheria ya Yohana. Daktari alimwambia mzee mmoja wa Handeni kwamba akimaliza dawa atakuwa sawa kama mvua. Nikalipeleka hivyo, maana nililipenda. Mzee akafikiri sana. Akauliza, "Mvua ya Handeni au mvua ya Vugiri?" Nikamtafsiria Dokta Mrefu. Alicheka mpaka akakaa kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine. Kwa sababu mvua ya Vugiri unaisikia kila siku juu ya bati, lakini ya Handeni, mwe! Ile inakuja ikipenda, na mwaka mwingine haipendi. "Mwambie ya Vugiri," akasema daktari, na mzee akakubali kunywa vidonge.

Hayo ni ya kuchekesha. Sasa kuna maneno mengine, na ndiyo yaliyokuwa kazi hasa.

Mkizaliwa kwetu mnajua, au mlipaswa kujua kama simu hazijawamaliza: mama haambiwi usoni kwamba mwanawe amekufa. Na ndugu wa damu habebi habari hiyo. Inabebwa na mtu wa pembeni. Kwa Wasambaa tulimtafuta mjomba wa upande wa mama tukamwita kando. Kwa sisi Wazigua tulikuwa na Masanja. Masanja alikuwa Mnyamwezi, mkata mkonge wa zamani aliyechoka mgongo, hospitalini alikuwa anafagia. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya mababu. Mtani ana ruhusa. Anaweza kukutukana msibani na usimguse, na ndiye anayekuzikia.

Basi daktari ananiambia mimi, mimi namnong'oneza Masanja karibu na tangi la maji, naye anachukua ufagio. Anafagia kibaraza polepole mpaka kwenye benchi la wenye mgonjwa. Akifika anaketi chini, sakafuni, mbele yao. Anaomba maji ya kunywa. Halafu anaanza: "Wazigua wachoyo nyie! Mnayabania maji ya nini na aliyekuwa anayataka hayataki tena?" Hapo wameshajua. Wanalia, na yeye anawatukana huku machozi yanamtoka, na wao wanamtukana, na kilio kinapata mahali pa kushika. Dokta Mrefu mwanzoni aliona ni ushenzi. Alitaka awaambie mwenyewe, wazi, kwa heshima, kama alivyosema. Alifanya hivyo kwa mama mmoja, na mama yule alianguka palepale akapasuka kichwa. Baada ya hapo hakuingilia tena. Akimwona Masanja anaketi sakafuni alikuwa anavua miwani na kusimama pembeni.

Nami nilikuja kuona kwamba hata yeye hakulisema neno lenyewe. Hata kwangu. Miaka yote ile sikumsikia akisema kwa lugha yake kwamba mtu fulani atakufa. Alisema uzi, alisema msitu, alisema mwisho wa barabara, alisema tusishikilie pumzi zetu, yaani tusitarajie. Nikawaza, Wazungu nao wana mtani wao, ila wao wamemweka ndani ya maneno. Nilimwambia Yohana hivyo, akaliandika kwenye kiganja kwa kalamu.

Lakini alisema kwa sauti. Hapo ndipo pa kushika. Daktari alisimama kichwani pa mgonjwa, mgonjwa anamtazama, na akaniambia mimi kila kitu kwa sauti ya kawaida, kama yule mgeni wa Jumapili na bakuli langu la mchuzi. Kwa nini anong'one? Nani pale kitandani aliyekuwa na ufunguo? Kisha mimi namgeukia mgonjwa, nalainisha uso, naye ananiuliza, "Anasemaje?" Nami namwambia, "Anasema upumzike, baba. Anasema tumwombe Mungu." Hiyo haikuwa kudanganya. Kulikuwa na pazia, mimi ndiye niliyelishika, na nyuma yake mtu alipata kupumua kidogo.

Zaina alikuwa mwari mzuri, akaolewa na kijana mkulima wa Handeni, mtu mwema, sina la kumsema. Walikuwa na shamba lao la mihogo na mahindi, na kijito si mbali. Ikaja operesheni ya vijiji. Mimi sikuwa mpinzani, jamani, nilikuwa na kadi, niliimba nyimbo zote. Lori lilifika siku ile ile waliyoahidiwa, likabeba mabati, vitanda, na vinu vya kutwangia, likawamwaga kwenye uwanda mkavu uliopimwa kwa kamba. Wakaambiwa kisima kinakuja. Barabara inakuja. Zahanati inakuja.

Nilikwenda kumtazama. Siku hiyo kulikuwa na mkutano, kaja bwana mmoja wa wilayani na mtaalamu wa Kizungu mwenye kaptura. Watu wakauliza habari ya zahanati, maana wajawazito walikuwa wengi. Bwana wa wilayani akamuuliza mtaalamu kwa Kiingereza. Mtaalamu akatikisa kichwa, akasema zahanati hiyo ni andazi la angani. Maana yake ni ndoto, hakuna kitu, msahau. Bwana akageuka kwa wananchi akasema: "Mtaalamu anasema zahanati iko njiani!" Watu wakapiga makofi. Nilimtazama Zaina. Alikuwa amejifunika kanga mdomoni, mabega yanatikisika. Akaniinamia sikioni. "Mama," akasema, "andazi moja liko angani, na jingine liko tanurini." Wazungu mwanamke akishika mimba husema ana andazi tanurini. Ndivyo nilivyoambiwa kwamba nitapata mjukuu. Nikamkumbatia mbele za watu, tunacheka, na walio karibu wakauliza, "Anasemaje?" Tukashindwa kuwaambia.

Nyinyi mnacheka. Mimi hapo ndipo kicheko changu kinapoishia.

Uchungu ulimshika huko uwandani na mtoto hakutoka. Mkunga wa kijiji alifanya alivyojua. Mumewe akaenda Handeni mjini kuomba gari, wakamwambia gari liko safarini, hilo hilo la kuhamisha watu. Mama yangu mzazi alikuwa huko kumsubiri kitukuu chake. Wakamgeuzia Zaina kitanda kuwa machela, vijana wakambeba mpaka barabara kuu, wakasimama juani wanapunga mikono. Mwishowe lori la pamba likasimama. Wakamlaza juu ya magunia.

Mimi nilikuwa wodini, sijui lolote. Naitwa kutafsiri, kuna mgonjwa mpya wa uzazi. Naingia nikifuta mikono. Namwona mama yangu nje benchini, nasema, ala, mama amekuja kufanya nini? Nimeshapita mlango ndipo nikaelewa.

Zaina alikuwa macho. Uso wake ulikuwa wa majivu, midomo imekauka. Dokta Mrefu alikuwa ameinama juu yake na mikono yake ina damu mpaka viwikoni. Hakujua. Alimwona Zaina mara moja tu, mtoto wa malaria miaka ile, angemkumbukaje? Kwake alikuwa mama mwingine aliyechelewa kutoka vijijini. Akanyanyuka, akasema alivyozoea kusema, kwa sauti yake ya kila siku, amechoka. Alisema mtoto tumempoteza. Alisema kizazi kimepasuka. Alisema huyu binti mwenyewe ananing'inia kwenye uzi, atajaribu kumpasua lakini tusishikilie pumzi zetu. Alisema, "Waambie watu wake kwa upole, Hadija, na usiwape matumaini." Akaenda kunawa ili ajiandae.

Nilibaki nimesimama. Nilikuwa na hesabu moja tu kichwani: nilainishe uso. Nimeufanya uso huo kwa watu wangapi, niufanye na kwa mwanangu. Nikaupata, wallahi nikaupata. Nikainama, nikamshika mkono, nikafungua mdomo nimwambie daktari anasema upumzike.

"Mama," akasema, "usijisumbue. Nimesikia."

Nikaushika mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Uzi," akasema. Na akajaribu kutabasamu, vilevile kama chini ya meza ya pasi, akisubiri nimtupie jingine.

Mtu mwingine yeyote katika wodi ile angepewa lile pazia. Mke wa mkata mkonge, Mmasai, kichaa, yeyote. Mwanangu peke yake alilala pale na maneno yote wazi mbele yake, kwa sababu mimi nilimpa ufunguo nikidhani nampa mali. Watu wameniambia, Hadija, hukukosea. Najua sikukosea! Ningekuwa nimekosea ningetubu, ningepata pa kuliweka. Mama anamchezesha mtoto wake akipiga pasi, kosa liko wapi? Hapo ndipo ninapogonga kichwa mpaka leo.

Akaniuliza, "Bibi yuko nje?" Nikamwambia yuko. "Mpelekee ya kwako," akasema. "Ya kulainisha. Usimpelekee ya daktari." Kisha wakaja na kitanda cha magurudumu.

Nikatoka. Mama yangu akasimama benchini, kanga yake ina vumbi la pamba. "Anasemaje?" Nikamwambia, "Anasema anampasua, mama. Anasema tumwombe Mungu." Akakaa, akavuta tasbihi. Nikakaa naye.

Dokta Mrefu alitoka mwenyewe, bado ana kofia ya chumba cha kupasulia. Yohana alikuwa amemwambia kwamba Zaina ni mwanangu. Alisimama mbele yangu, kainama ingawa hapakuwa na mlango. Akasema kwa Kiingereza ametumbukiza mguu wake. Hivyo ndivyo wanavyosema wakigundua wamelitamka jambo mahali pasipostahili. Siku nyingine ningelipokea neno hilo na kulicheka. Siku hiyo sikulipokea. Na yeye, aliyekuwa na maneno ya kila namna, akavua miwani, akaondoka kwenda kukaa ofisini kwake.

Ndipo nikasikia ufagio.

Nilijua sauti ya ufagio wa Masanja kuliko hatua zangu mwenyewe. Ulikuwa unakuja polepole kwenye kibaraza, kutoka upande wa tangi. Nikasema moyoni, Mungu wangu, apite. Kuna benchi jingine kule mbele, apite aende kule. Hakupita. Akafika kwetu, akauweka ufagio, akaketi sakafuni.

"Nipeni maji," akasema.

Tukangoja matusi. Mimi nilikuwa nayataka, hamwezi kujua nilivyoyataka. Anitukane, aniite mchoyo, aniite mchawi, nipate pa kushika. Masanja akafungua mdomo, akaufunga. Tulikula naye ugali nyumbani kwangu kila siku, Zaina alimjua, alikuwa akimwita babu Unyamwezi. Utani wote ulimwishia. Akabaki anatazama sakafu aliyoifagia.

Mama yangu akanigeukia. Kwa Masanja hapakuhitajika mkalimani, alikuwa anasema Kizigua kuliko Wazigua, na isitoshe hakuwa amesema neno. Lakini mama akanishika mkono, akaniuliza.

"Anasemaje huyu?"

Gauni la buluu nililikunja siku ya mazishi, nikampa Yohana alirudishe. Dokta Mrefu alikuja mpaka kwetu kunibembeleza, nikamkaribisha chai, nikamwambia sirudi. Nimeuza vitumbua, nimelima, nimezeeka. Shamba la mkonge lile limekuwa pori. Kule uwandani kwao Zaina wengine walirudi walikotoka, wengine wakabaki, na zahanati mnaijua nyinyi wenyewe ilipo.

Kesho mtakuja tena na maneno yenu ya dirishani, na nitawajibu, maana mkiniona nimenyamaza mnadhani naumwa. Watu wote niliowahi kuwatafsiria waliniuliza, na mama yangu akaniuliza mpaka siku anaingia kaburini. Zaina tu ndiye hakuniuliza. Ningetoa chochote, wanangu, chochote kile mnachoweza kukitaja, nimsikie siku ile akinigeukia na kusema: "Mama, anasemaje?"